Kulanti inapungua na chini pakavu: inakwenda wapi?

Swali: "Gari langu lina injini ya petroli ya silinda 4 na umri wa miaka 11. Kila wiki kulanti (kimiminika cha kupozea injini) inashuka kwenye tanki la akiba, nami naongeza karibu nusu lita. Asubuhi nikichungulia chini ya gari hakuna hata tone. Fundi wa kwanza ameniambia niendelee kujaza maji tu. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, yaani mwili wake) imekwisha na anataka kuishusha hedi. Mshale wa temperecha haujawahi kupanda, moshi mweupe sijauona. Nimwamini nani? Na ile dawa ya kumimina kwenye rejeta ili izibe yenyewe, nitumie?"

Jibu: Kwa sasa usimwamini yeyote. Wa kwanza anakuacha na ugonjwa wako, wa pili anataka kukupasua kabla ya kukupima. Huenda wa pili yuko sahihi, sikatai, lakini hadi hapa hajakuonyesha ushahidi wowote. Hedi hushushwa mtu akiwa tayari ana jibu mkononi. Haishushwi kwa kwenda kulitafuta.

Mfumo wa kupoza injini ni mzunguko uliofungwa. Pampu inaisukuma kulanti ndani ya bloku na hedi, inatoka na joto, inapita kwenye rejeta kupoa, inarudi. Haitumiki kama petroli, wala haina ile ruhusa ya kupungua kidogo kidogo ambayo baadhi ya injini huipata kwa oili. Gari lisilo na hitilafu hukaa miezi mingi bila alama ya tankini kusogea hata upana wa kidole. Nusu lita kwa wiki ni nyingi, na njia zake za kutokea si nyingi: inamwagika nje ya injini, inaingia ndani ya injini, au inaingia kwenye chumba cha abiria.

Tuanze na hilo la chini pakavu, maana nadhani ndilo lililomponza fundi wako wa pili. Asubuhi injini imepoa na mfumo hauna presha, kwa hiyo unauchungulia uvujaji wakati umelala. Injini ikipata moto, kulanti inatanuka na presha inapanda hadi karibu baa 1 au zaidi kidogo. Ufa mwembamba kama unywele, uliokuwa umejifunga, unafunguka. Kinachotoka kinaangukia bloku au eksozi yenye moto na kugeuka mvuke palepale, au kinapeperushwa na upepo wa feni, au kinatua juu ya ile ngao ya plastiki iliyo chini ya injini na kukauka humo. Ukizima, presha inashuka, ufa unajifunga tena. Pakavu pa asubuhi hapamtii hatiani mtu yeyote, hedi ikiwemo.

Kuna uvujaji wa kinyume chake pia: unavuja injini ikiwa baridi tu, kwa sababu mpira uliozeeka umesinyaa na klipu haiubani sawasawa, kisha injini ikipata moto kila kitu kinatanuka na panaziba. Huu huacha tone asubuhi. Wako si wa namna hiyo.

Kabla ya kutafuta, pima. Bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye tanki la akiba, sawa na usawa wa kulanti, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Andika na kilomita. Fanya hivyo kila asubuhi kwa siku tano, saa ileile, mahali palepale, bila kuongeza kitu maadamu usawa haujafika alama ya chini. Nimewahi kuletewa gari "linalovuja" ambalo mwenyewe alikuwa analisoma jioni likiwa moto na asubuhi likiwa baridi, akashangaa tofauti. Kulanti hutanuka, tofauti hiyo ni ya kawaida. Faida ya pili ya utepe ni kwamba utajua kama kulanti inapotea kwa kilomita au kwa muda. Ikipungua siku za safari ndefu na kutulia siku za foleni fupi, inatoka kwa presha ya injini iliyofanya kazi sana. Ikipungua hata gari likiwa limeegeshwa tu, kuna mahali panachuruzika bila kuhitaji presha, na hapo ngao ya chini ifunguliwe siku hiyohiyo.

Sasa mfuniko wa rejeta. Watu huuona kama kizibo cha chupa, kumbe ni valvu. Maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto 100. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na ethilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, na mfuniko wa baa 1.1 unaongeza nyuzi nyingine zaidi ya 20 juu ya hapo, kwa kuzuia presha isitoke. Springi yake ikichoka, presha inatoka mapema, kulanti inasukumwa kwenye tanki la akiba na kumwagika kupitia mpira wa kufurika, tena ukiwa barabarani ambako hakuna atakayeliona tone. Mfuniko huo una valvu ndogo ya pili inayofunguka injini ikipoa ili irudishe kulanti kutoka tanki la akiba. Hiyo ikigoma, mpira wa juu wa rejeta utaukuta umenywea asubuhi kama mtu aliyevuta mashavu ndani. Angalia pia mpira mdogo wa kuzibia ulio chini ya mfuniko: ukiwa umekauka, umepasuka au umeacha alama ya kina, badilisha mfuniko kwa wenye presha ileile iliyoandikwa juu yake. Usiweke wa presha kubwa zaidi ukidhani unaimarisha. Utapasua kilicho dhaifu.

Na neno moja la usalama, kisha sitalirudia. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa, hata kidogo kidogo. Kulanti yenye nyuzi 110 chini ya presha hugeuka mvuke mara tu presha inapoondoka, na inatoka yote kwa mkupuo usoni mwako. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuukamata bila kuungua na ukaubonyeza ukawa laini, hapo fungua.

Chukua tochi na kioo kidogo. Kulanti ikikauka huacha chumvichumvi: ukoko mweupe, wa kijani, wa waridi au wa machungwa, kutegemea rangi ya kulanti yako, na mara nyingi unashuka kama mchirizi. Ufuate mchirizi kwenda juu, si kwenda chini; mahali panapodondoka si mahali panapovuja. Pitia ncha za mipira yote, mikubwa miwili ya rejeta na midogo ya hita inayopenya kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Ubonyeze kila mpira karibu na klipu. Mpira mzima una unyumbufu wa mpira. Uliokufa ama ni mgumu unaotoa sauti ya kukatika, ama umelegea na kuvimba.

Kwa gari la miaka 11, macho yangu yangeenda sehemu mbili kabla ya nyingine zote.

Ya kwanza ni rejeta. Nyingi siku hizi zina wavu wa alumini katikati na matanki ya plastiki pembeni au juu na chini, yaliyobanwa kwa meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya gasketi ya mpira. Plastiki ikipashwa moto na kupoa maelfu ya mara hukakamaa, rangi yake ikageuka kuwa ya kahawia, kisha ikapata ufa, hasa kwenye shingo ya kuingizia mpira wa juu na pale inapokutana na wavu. Ufa huo ndio ule wa kulala ukiwa baridi. Tafuta unyevunyevu au ukoko kwenye mshono huo wote, pamoja na upande wa nyuma ulioelekea feni, ambao hauonekani bila kioo.

Ya pili ni pampu ya maji. Shafti yake inazunguka na kulanti iko upande mmoja, kwa hiyo kuna sili, kizuizi cha kulanti, katikati. Watengenezaji wanajua sili hiyo itachoka, ndiyo maana wameacha kitundu kidogo kwenye mwili wa pampu, nyuma ya pulii, ili kulanti inayoipita sili itokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Unyevu hafifu wa zamani uliokauka si hoja. Mchirizi mpya, au ukoko unaoongezeka, ni pampu inayoaga. Ondoa belti na uitikise pulii kwa mkono: ikicheza, hata kidogo, mjadala umekwisha. Kama pampu ya gari lako inazungushwa na taiming belti, itakuwa imefichwa ndani ya kava na hutaona kitu hadi kava litoke. Hapo belti na pampu hubadilishwa pamoja, maana kazi ya kufika huko ni ileile.

Usipoona kitu kwa macho, sasa ndipo zamu ya kifaa ambacho fundi wako wa pili alipaswa kukitumia kabla ya kutamka neno gasketi. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza kulanti, funga kifaa, pampu hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, kisha ngoja dakika 15 au 20. Uzuri wake ni kwamba unapata presha ya injini moto bila moto wenyewe: hakuna mvuke wa kuficha tone, hakuna feni ya kulipeperusha, na mkono wako unaweza kuingia popote. Tone linajitokeza na kubaki tone.

Mshale wa geji ukitulia dakika zote hizo, usishangilie bado. Pasha injini moto, zima, subiri ipoe ya kutosha kufungua, kisha rudia kabla haijapoa kabisa, kwa sababu baadhi ya nyufa hutaka chuma kitanuke kwanza. Mshale ukishuka na nje hakuna unyevu popote, basi kulanti inaingia mahali. Na mfuniko wenyewe hupimwa kwa kifaa hichohicho kwa kutumia kiunganishi chake; ukishindwa kushika presha iliyoandikwa, umempata mhalifu wa bei rahisi kuliko wote.

Kama hakuna kifaa, kuna rangi ya kung'aa inayomiminwa kwenye kulanti. Unaendesha siku chache, kisha unamulika kwa taa ya miale ya urujuanimno gizani, na kila mahali panapovuja panang'aa. Hii ni nzuri sana kwa uvujaji wa polepole kama wako.

Kabla hatujaenda kwenye hedi, ingia ndani ya gari. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, na kulanti moto hupita humo kila siku. Ikivuja, chini ya injini patakuwa pakavu maisha yote. Inua zulia la upande wa abiria wa mbele, bonyeza sponji iliyo chini yake. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu. Kulanti inateleza vidoleni na ina harufu tamutamu. Kioo cha mbele kinachoshika ukungu wenye mafuta, usiofutika vizuri kwa kitambaa, ni dalili nyingine. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima huku zulia limelowa miguuni pao.

Haya, hedi. Gasketi yake ikifunguka kati ya njia ya kulanti na silinda, mambo mawili hutokea: gesi za mwako zinasukumwa ndani ya kulanti, na kulanti inapenya ndani ya silinda injini ikipoa. Vyote viwili vinapimika bila kufungua nati hata moja ya hedi. Washa injini baridi na uushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, wakati kulanti bado ni ya uvuguvugu, hiyo si presha ya joto, ni gesi ya silinda. Kisha kuna kipimo cha kimiminika cha buluu: kinawekwa kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, hewa ya juu ya kulanti inavutwa kupita ndani yake, na kwa injini ya petroli kikigeuka njano basi kuna gesi ya mwako humo. Acha nafasi kidogo juu ya kulanti, kwa sababu kulanti yenyewe ikinyonywa ndani ya kimiminika, jibu linaharibika.

Kwa uthibitisho wa tatu, uache mfumo ukiwa na presha ya kifaa usiku kucha, asubuhi utoe plagi zote na uzungushe injini kwa stata. Silinda inayorusha mvuke au maji imejisema. Usifanye hivyo plagi zikiwa ndani: maji hayabanwi, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, inaweza kupinda. Ukiwa umezitoa plagi, zilinganishe. Iliyosafishwa mno kuliko wenzake inatoka kwenye silinda inayooshwa kwa mvuke.

Tahadhari na ule utelezi wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, ambao mafundi wengi huutumia kama hukumu. Gari la safari fupifupi hupata unyevu huo kutokana na hewa tu, hasa wakati wa baridi. Vuta dipstiki: oili ikiwa na rangi yake ya kawaida na usawa haujapanda, usiogope utelezi wa mfunikoni. Oili yote ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena.

Unasema mshale wa temperecha haujapanda. Ni habari njema lakini isikulaze. Katika magari mengi ya kisasa mshale umepangwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto, na haupandi hadi mambo yameshaharibika. Baya zaidi, sensa husoma joto la kulanti inayoigusa. Kulanti ikiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Hita ikianza ghafla kutoa hewa ya baridi ukiwa safarini, hiyo ni taarifa ya kweli kuliko mshale: simama, zima.

Ikiwa yote haya yamekuja safi, zimebaki sehemu za pembeni: kipozeo cha oili ya injini, kipozeo cha gesi za eksozi kama injini yako inacho, na vizibo vya chuma vilivyopigwa kwenye bloku, ambavyo huoza kutoka ndani. Kama giaboksi ni ya otomatiki na mafuta yake hupozwa ndani ya rejeta, chungulia mafuta hayo pia. Yakiwa ya waridi yenye maziwa, yamechanganyika na kulanti, na giaboksi iko hatarini kuliko injini.

Kurekebisha, mara nyingi, ni rahisi kuliko kutafuta. Mpira uliokufa hubadilishwa, haufungwi kwa utepe. Usiung'oe kwa bisibisi kwenye shingo ya plastiki, utaivunja. Ukate kwa urefu na uumenye. Sugua shingo hadi itoke kutu na ukoko, kwa sababu mpira mpya juu ya ukoko wa zamani utavuja vilevile. Klipu za springi zilizokuja na gari zina sifa ambayo za skrubu hazina: zinafuata mpira unapotanuka na kusinyaa. Kama bado zina nguvu, zirudishe. Rejeta ya plastiki iliyopasuka mimi siizibi kwa gundi. Nimejaribu ujanani, ikarudi.

Kujaza kuna ufundi wake. Chagua kulanti kwa maelezo ya kitabu cha gari, si kwa rangi. Rangi haina kanuni moja kati ya watengenezaji, na kuchanganya aina mbili kunaweza kupunguza nguvu ya dawa za kuzuia kutu. Ichanganye na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri (si asidi yake), au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Weka hita kwenye joto la juu kabisa, inua pua ya gari kidogo ukiweza, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, jaza polepole. Washa ukiwa na mfuniko wazi, kulanti ikiwa bado baridi, na uongeze kadiri mapovu yanavyotoka. Usawa ukitaka kupanda na kufurika, funga mfuniko, kisha uache injini hadi themostati, valvu inayoifungulia kulanti moto njia ya rejeta, ifunguke: utaijua kwa mpira wa chini kuanza kupata moto na feni kuwaka. Hewa iliyonaswa ndani ya hedi inaweza kuunguza gasketi iliyokuwa salama, na hapo fundi wako wa pili atakuwa amepata kazi yake kihalali.

Kilichomwagika kifute na kukiosha. Ethilini glaikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa huilamba, na mtoto pia, na kiasi kidogo tu huharibu figo.

Dawa ya kuziba: hapana, kwa hali yako. Zina chembechembe au kemikali inayogandia mahali penye ufa, na hazina namna ya kutofautisha ufa na mrija mwembamba wa rejeta ya hita. Ningeitumia mimi nikiwa porini, mbali na msaada, nikijua nikifika nitafungua na kusafisha mfumo wote. Na ushauri wa kujaza maji tu una gharama yake: baada ya miezi miwili ya nusu lita kila wiki, ulichonacho ndani kimezimuliwa hadi nguvu yake ya kuzuia kutu na ya kupandisha kiwango cha kuchemka imepungua sana. Hadi uvujaji upatikane, ongeza mchanganyiko uleule, beba chupa yake garini, na uache safari ndefu.

Ukishatengeneza, rudisha utepe kwenye tanki. Siku mbili tatu za mwanzo usawa unaweza kushuka kidogo kwa sababu ya hewa inayojitoa; ongeza na uweke alama upya. Ukibaki palepale kwa wiki mbili, umemaliza. Ukiendelea kushuka na kipimo cha presha kimetoka safi mara mbili, baridi na moto, rudi kwa yule fundi wa pili, lakini mwambie akuonyeshe kwanza kile kimiminika cha buluu kikigeuka njano mbele ya macho yako.